Programu Isiyohesabu Ng'ombe

Inspekta Akidor alipofungua faili la Denge Galgalo saa tatu asubuhi, alikuwa amebakiwa na saa saba. Kijana alikamatwa jana saa kumi alasiri, pale mtaani Wabera, na sheria haikuwa na mzaha: ikifika saa kumi leo, ama afikishwe kwa hakimu akiwa na shtaka, ama aende zake. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja tu, "Ashtakiwe," akatoka kwenda mkutanoni.

Faili lilikuwa jembamba. Mlalamishi alikuwa Bwana Emuria, mwenye kituo cha mafunzo ya kompyuta kiitwacho Upeo, ambaye mji mzima unamwita Dairekta, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alidai kwamba Denge, aliyekuwa akija Upeo kujisomea, ameiba programu yake iitwayo Alama. Alama ni programu ya simu. Mfugaji husajili humo ng'ombe wake, rangi na chapa zao, ili mnyama akiibwa na kuletwa sokoni, mnunuzi apige chapa picha na kujua mwenye mnyama ni nani. Ushahidi ulikuwa wa tarehe mbili. Nakala ya Emuria iliandikwa tarehe tatu Machi. Nakala iliyokutwa kwenye kompyuta ya Denge ilikuwa ya tarehe kumi na tisa Julai. Aliyetangulia ndiye mwenye mali, basi, kesi imekwisha.

Akidor hakupenda kesi inayoletwa mezani ikiwa imepikwa na kupakuliwa. Aliagiza Denge atolewe seli.

Kijana aliingia bila viatu, miaka ishirini na sita, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Konstebo Kevin, aliyehamishwa kutoka Bungoma wiki tatu tu zilizopita, alimwonyesha kiti.

"Umelala vipi, Denge?"

"Nimelala hivyo tu, afande."

Akidor aliigeuza kompyuta iliyokuwa mezani. Ilikuwa kuukuu, imekosa vitufe viwili. Ndani ya folda ya Alama mlikuwa na folda nne: PHP, Python, JavaScript, Kotlin.

"Hizi ni nini?"

"Ni lugha, afande. Lugha za kuandika programu."

"Hiyo najua. Nauliza mbona nne. Mtu akijenga nyumba anajenga moja."

Denge alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mimi sikufundishwa na mtu. Nikisikia kuna lugha mpya, naichukua. Na sina kitu ingine ya kuandika nayo, kwa hivyo naandika Alama tena, kutoka mwanzo. Ya kwanza ni PHP. Hiyo watu wawili wakiingia pamoja inakufa. Nikasema PHP ni mbaya, nikaenda Python. Ikakufa pia. Hapo nikajua mbaya ni mimi."

Kevin alicheka. Akidor hakucheka, lakini aliandika.

"JavaScript?"

"Hiyo niliandikia kwa Dairekta, mwezi wa pili. Computer yangu ilikuwa imeharibika. Nikimaliza nikachukua na flash."

"Na kule kwake ukaifuta?"

"Sikufuta. Alikuwa amenikaribisha. Ningefuta aone simwamini?"

"Na Kotlin ni ya Julai."

"Ndiyo. Ile ya JavaScript inatuma kila kitu kwa computer ya Upeo. Watu hawakupenda hiyo. Hii ya Kotlin inabaki kwa simu ya mwenyewe, na kule Merti kwa wafugaji inafanya kazi hata bila network. Nilianza kuwapa watu hii mpya, na wiki iyo hiyo Dairekta akaenda polisi."

Yalikuwa maelezo mazuri. Kasoro yake ni kwamba folda zote nne zilikuwa na tarehe moja, kumi na tisa Julai, siku aliyozihamisha zote kutoka kwenye flash hadi kompyuta hii. Wakili yeyote angecheka hadi akohoe.

"Hukuweka kazi hii kwenye mtandao, mahali pa kuhifadhi?"

"Chapa za watu, afande? Siwezi kuweka mahali sijui nani anaangalia."

"Unajua ukipatikana na hatia ni nini kitatokea?"

"Jela naijua." Denge alitazama mikono yake. "Lakini hata ikiwa wiki moja, nikitoka nitakuwa mwizi. Nani atanipa chapa ya ng'ombe yake? Miaka tatu nimeandika hii kitu, na itakuwa ni ya kutupa."

Akidor alifunga daftari. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi, kwa sababu haikuwa ushahidi.

"Ile ya kwanza kabisa, ya PHP, uliandikia wapi?"

"Kwa simu. Kwa duka ya Qabale."

*

Qabale alikuwa fundi wa simu Wabera, duka lake likitazamana na msikiti, na hakuinua uso walipoingia. Alikuwa ameshika bisibisi nyembamba na simu iliyopasuliwa tumbo.

"Salaam aleikum," Akidor alisema.

"Aleikum salaam. Kama ni ya Denge, mmechelewa. Nilingoja mje jana."

Alivuta katoni chini ya meza, akachakura, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka pembe. "Aliandika kwa hii. Miezi sita alikaa hapo kwa hicho kiti, anagonga hii kioo na kidole moja. Wateja walifikiri ni kichaa yangu."

"Ilizimika lini?"

"Zamani. Betri ilifura, nikaitupa. Ngoja niwape ingine."

Walingoja dakika ishirini simu ipate moto. Akidor alisimama muda wote. Kama faili za PHP zingekuwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma, angeandika ripoti fupi na kurudi mapema. Simu iliwaka. Folda ilikuwapo, Alama, kila kitu mahali pake. Kevin aliinama kusoma tarehe, kisha akasoma tena.

"Tarehe moja Januari, elfu moja mia tisa sabini."

"Nini?"

"Faili zote, madam. Hapo hata mama yangu hajazaliwa."

Qabale alishusha bisibisi. "Ile betri ilikuwa mbaya. Ilikuwa inatoka kila saa, na ikitoka, saa ya simu inarudi nyuma kabisa. Denge hakuwa anajali saa. Alikuwa anajali kuandika."

Akidor aliishika ile simu akaikodolea macho. Hasira ilimpanda. Nusu ya asubuhi imekwenda, na alichopata ni ng'ombe waliosajiliwa kabla ya simu yenyewe kuvumbuliwa. Lakini hakuirudisha kwenye katoni. Aliifungua Alama, ile ya kwanza kabisa, akaangalia inavyofanya kazi. Orodha ilishuka polepole: Mwekundu, mtoto wa Madoa. Mweupe Tumbo, mtoto wa Madoa. Mweusi, mtoto wa Mweupe Tumbo. Aliiandikia hati ya kupokea, Qabale akatia sahihi, wakaondoka na simu ndani ya bahasha.

"Tarehe hazitatusaidia," alimwambia Kevin wakiwa garini. "Za Denge hazifai, na za Emuria zinaonyesha siku iliyonakiliwa tu. Tuziache saa na kalenda. Twende kwa watu."

*

Soko la mifugo lilikuwa limechangamka. Vumbi, mbuzi, malori mawili kutoka Merti yakishusha. Umulkheir alikuwa amesimama kando ya lori la pili, fimbo mkononi, akiwaelekeza wapakuzi kwa sauti iliyosikika kuliko injini. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ananunua na kuuza ng'ombe, na hakuna dalali aliyethubutu kumdanganya mara mbili.

Akidor alijitambulisha, akaenda moja kwa moja kwenye swali. "Mama, Alama unaitumia?"

"Naitumia. Mwezi wa tano ilinirudishia fahali yangu."

"Ni ya nani?"

"Eh." Umulkheir alikuna shingo kwa ncha ya fimbo. "Siku ile ya mkutano wa kuonyesha watu Alama hapa soko, mwezi wa nne, Denge alikuwa anazunguka, anawekea watu kwa simu. Emuria alikuwa na kipaza sauti. Ukiuliza soko yote, nusu watakuambia ni ya kijana, nusu watakuambia ni ya kipaza sauti. Mimi siwezi kuapa."

Hiyo nayo ikawa ni njia iliyozibwa. Akidor alikuwa anatafuta swali lingine, na Kevin, akitaka kusaidia, akasogea na daftari lake.

"Na mama, hapa kwa simu uko na ng'ombe wangapi?"

Umulkheir aliacha kutabasamu. Aliizima simu, akaitia ndani ya nguo, akamgeukia Akidor kana kwamba Kevin hayupo tena.

"Huyu umetoa wapi?"

"Bungoma, mama. Ni mgeni. Umsamehe, tafadhali, hakuwa na nia mbaya."

"Mfundishe, basi."

Kevin alitazama huku na huku. "Nimeuliza nini vibaya?"

"Hapa hatuhesabu," Akidor alimwambia kwa sauti ya chini. "Si Waborana, si sisi Waturkana. Mfugaji hataji idadi ya ng'ombe wake, na hakuna anayemuuliza. Ukiwahesabu unawaitia ukame, unawaitia wevi. Baba yangu aliwajua wote kwa rangi na kwa mama zao, na mmoja akikosekana jioni alijua kabla hajafika zizini. Lakini wangapi? Hadi anakufa sikujua. Hata sasa sijui."

Hapo alikumbuka orodha ya ile simu. Alimshika Kevin mkono.

"Kule dukani. Kwenye ile simu. Uliona jumla?"

"Nilitafuta, madam, kwa sababu napenda kujua. Hakuna."

"Namba za ng'ombe? Wa kwanza, wa pili?"

"Hakuna. Kuna mtoto wa nani na mtoto wa nani tu."

Akidor alimgeukia Umulkheir. "Mama, sitaki kujua kitu ya simu yako. Nijibu tu hivi: hii Alama inahesabu?"

Umulkheir alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Ingekuwa inahesabu," alisema, "ningekuwa nimeitupa kwa mto, Ewaso Nyiro."

*

Saa saba na nusu walikuwa kituoni. Kwanza Akidor alifungua nakala ambayo Emuria mwenyewe aliikabidhi polisi kama kielelezo, ile ya Machi. Waliipekua skrini baada ya skrini. Hakukuwa na jumla popote, wala namba. Kevin, aliyesoma kidogo JavaScript chuoni, alionyesha kwa kidole mahali ambapo orodha hupangwa. "Angalia, madam. Kuhesabu ni rahisi kuliko hii. Huyu aliyeandika amezunguka sana ili asihesabu."

Kisha Akidor akamtoa Denge tena, akampa karatasi tupu na maswali matatu. Kwa nini programu haionyeshi jumla ya ng'ombe? Kwa nini ng'ombe hapewi namba? Orodha imepangwa kwa kufuata nini? Denge aliandika kwa dakika kumi bila kuinua kichwa. Akidor hakusoma. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga. Yeye, Kevin na Denge wakatia sahihi juu ya gundi, na saa ikaandikwa: saa nane kasoro dakika tano.

"Kama nimekosea," alimwambia Denge, "saa kumi utakuwa mbele ya hakimu."

"Hujakosea, afande," Denge alisema. Hakuwa anaomba. Alikuwa anasema tu kilichoko.

*

Ofisi ya Emuria ilikuwa na kiyoyozi, picha zake tatu ukutani, na skrini kubwa mezani. Alikuwa mtu mchangamfu, wa miaka arobaini. Jina la Kiturkana alikuwa nalo, ila alizaliwa na kukulia Nairobi, na ng'ombe aliowajua kwa karibu walikuwa wale wa sahani. Aliwakaribisha kwa chai ya maziwa.

"Inspekta! Nilidhani tutaonana kortini."

"Tutaonana. Nimekuja tu kukamilisha maelezo yako, wakili wa Denge asije akatafuta mwanya." Akidor alitoa fomu. "Hii Alama ulibuni peke yako?"

"Peke yangu."

"Denge hakuchangia lolote? Hata wazo? Hata ushauri wa mambo ya mifugo?"

"Inspekta, yule alikuwa anakuja hapa kutumia umeme. Kila skrini, kila mstari wa code, ni mimi."

"Andika hivyo hivyo. Utie sahihi."

Emuria aliandika kwa madaha, akatia sahihi yenye mikia miwili. Kevin akashuhudia. Akidor aliiweka ile karatasi ndani ya mkoba kabla ya kuonja chai.

"Sasa nielimishe kidogo. Nikitaka kuona jumla ya ng'ombe wote, nabonyeza wapi?"

"Iko hapa." Emuria alifungua programu, akabonyeza, akarudi, akabonyeza kwingine. "Iko kwa... hapana. Iko kwa ripoti." Alienda kwenye ripoti. Dakika mbili zilipita. "Hiyo nitaweka kwa version ijayo. Haikuwa muhimu."

Akidor aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. "Na mbona ng'ombe hana namba?"

"Security. Namba ni rahisi kukisia."

"Na hii orodha imepangwa vipi?"

"Kwa alfabeti." Alitazama skrini. Mwekundu alitangulia Mweupe, kisha akaja Mweusi, kisha Kijivu. "Au... imejipanga tu. Haina mpangilio."

Akidor alitoa bahasha, akamwonyesha sahihi juu ya gundi, akaichana mbele yake. Alisoma kwa sauti isiyo na haraka:

"'Moja. Haionyeshi jumla kwa sababu mfugaji hahesabu ng'ombe wake. Akiona namba ataacha kuitumia, na mimi pia sitaki kuwa mtu alimhesabia. Mbili. Ukipa ng'ombe namba, ya mwisho ndiyo jumla, kwa hivyo hiyo pia ni kuhesabu. Tatu. Orodha inafuata mama. Mtoto anakuja baada ya mama yake, na mtoto wa mtoto baada ya huyo. Hivyo ndivyo tunawajua.'"

Chai ya Emuria ilikuwa inapoa. "Hizo ni imani tu," alisema. "Sasa imani ni ushahidi?"

"Programu yako imezifuata mstari kwa mstari, na wewe hukujua ziko."

"Nilijua! Niliziacha kwa heshima ya..." Aliona Kevin anaandika, akakatiza. Uso ulikuwa umemwiva. "Inspekta, mimi ni mtaalamu. Jumla ni kitu ya mistari miwili. Ungetaka ungesema tu. Ngoja nikuonyeshe nani anajua hii kitu."

"Usifanye hivyo."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye vitufe. Aliandika haraka, na kwa kweli aliandika vizuri, kisha akabonyeza kwa nguvu na kuigeuza ile skrini kubwa kuwaelekea. Majina ya wafugaji wote waliowahi kutuma taarifa zao Upeo yalianza kupanda, na kando ya kila jina, idadi.

Akidor alisimama akaifunika skrini kwa faili. Alilishikilia pale kwa mikono miwili.

"Kevin. Chomoa waya."

Kevin alichomoa. Emuria alikuwa anatabasamu bado, akingoja kusifiwa, na ilimchukua muda kuona kwamba hakuna mtu anayetabasamu naye.

"Bwana Emuria," Akidor alisema, "nakukamata kwa kutoa habari za uongo kwa polisi. Shtaka la wizi litafuata. Hii mashine nayo inakwenda na sisi, na hakuna atakayeiwasha bila amri ya korti."

*

Saa kumi kasoro dakika ishirini, Denge alirudishiwa viatu, mkanda na kitambulisho. Kompyuta yake ilibaki kama kielelezo, na Akidor alimweleza kwamba inaweza kukaa miezi. Denge alitikisa kichwa kukubali, akatia sahihi kwenye kitabu cha kuachiliwa. Jina lake lilikuwa safi. Akidor alimwambia hivyo waziwazi, kwa sababu alifurahi na hakuona haja ya kuficha.

"Asante, afande." Denge hakuondoka. "Konstebo ameniambia Dairekta alihesabu."

"Alihesabu."

"Ulisoma?"

Akidor angeweza kusema hapana. "Nilifunika. Lakini jina la kwanza lilishanipita machoni. Umulkheir. Na namba yake."

Nje, lori lilikuwa linapanda kuelekea sokoni. Denge alivaa viatu vyake, akafunga kamba moja, kisha ya pili, bila haraka.

"Ana haki ya kujua," Akidor alisema. "Nitakwenda kumwambia. Kosa limetokea mbele yangu."

"Hapana, afande." Denge aliinuka. "Nitamwambia mimi. Programu ni yangu."